Maswali na majibu: Joho umevaa, nafasi ya utafiti iko wapi?

*Nilipata uzamivu (PhD) wa baiolojia ya bahari mwaka jana. Kila siku nakagua matangazo ya vyuo vikuu hapa Pwani, sioni nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu. – Kisauni*

Unasubiri matatu pasipo steji. Matangazo hayo aghalabu ni ya wahadhiri. Nafasi unayoitaka huzaliwa na mradi uliopata fedha, na mwenye habari zake ni mtafiti mkuu. Anzia Mkomani, kwenye Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi, kisha Kilifi, kwenye Chuo Kikuu cha Pwani. Chukua makala za karibuni za fani yako, usome shukrani za mwishoni: humo hutajwa mfadhili, mara nyingi pamoja na nambari ya ruzuku. Tafuta ruzuku hiyo inaisha lini. Mradi uliobakiza miaka 3 waweza kukuajiri. Uliobakiza miezi 4 utakupa pole.

*Nimewaandikia maprofesa 40 wa Ulaya. Wawili tu wamejibu, na wote wamekataa. Nakala ya barua hii hapa. – Likoni*

Nimeisoma. "Naomba nafasi yoyote katika maabara yako." Hiyo "yoyote" ndiyo iliyokuponza. Wala sikucheki: mimi niliwahi kumwandikia profesa mmoja barua nzuri kabisa, jina la yule niliyemwandikia jana yake likabaki mstari wa pili. Sikujibiwa, na haki yangu.

Wewe umepima metali nzito katika tope la mikoko ya Tudor. Litangulize hilo. Kisha taja makala yake moja, na jambo moja ambalo vipimo vyako vyaweza kuliongezea, au kulipinga. Malizia kwa kumuuliza kama atakubali kuwa mwenyeji wako katika ombi la ufadhili. Neno "mwenyeji" humtuliza, maana anajua mshahara hautoki mfukoni mwake. Aya tatu, wasifu wa kurasa mbili, basi. Akinyamaza wiki mbili mkumbushe mara moja, kisha muache.

*Nilimaliza uzamivu miaka 5 iliyopita, katikati nikajifungua mara mbili. Nimechelewa? – Changamwe*

Dada, inategemea mlango. Ufadhili wa Marie Skłodowska-Curie wa Umoja wa Ulaya huruhusu hadi miaka 8 baada ya uzamivu, na likizo ya uzazi haihesabiwi. Sharti lingine: usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi unayoiendea zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyopita. JSPS, shirika la Japani la kukuza sayansi, huweka miaka 6, na ombi hupitia kwa mwenyeji wako kule. Yote mawili yataka mwenyeji kwanza, kwa hivyo soma jibu la ndugu wa Likoni.

*Wakala ataka shilingi 30,000 anitafutie nafasi Kanada. – Mtwapa*

Usimpe. Mtafiti hulipwa, halipi.

*Mama auliza nitasoma hadi lini, na lini nitaoa. – Mji wa Kale*

Mwambie si masomo tena, ni kazi yenye mshahara. Ila usimfiche kwamba mkataba ni wa muda, mara nyingi mwaka 1 hadi 3. Anza kutafuta mwingine miezi 9 kabla huo haujaisha. La kuoa, muulize shangazi yako.