Mwanangu, kasomee uuguzi wa watoto

Mwanangu mpendwa,

Hapa nyumbani hatujambo, baba yako anakusalimu sana. Ujumbe wako nimeusoma na kuurudia. Unasema ninyi wauguzi mmepewa nafasi ya kwenda kujiendeleza na moyo wako uko kwenye uuguzi wa watoto, ila wenzako wanakuambia fani hiyo haina mbele: chanjo zipo, vyandarua vipo, watu wa mjini wanazaa wawili watatu, na watoto hawafi tena kama zamani. Unaniuliza mimi niliyestaafu nikitokea wodi ya watoto, je, wanasema kweli?

Kwamba vifo vimepungua ni kweli, nimeshuhudia kwa macho yangu. Nilipoanza kazi, kila msimu wa mvua tulilaza watoto watatu kitanda kimoja, malaria na upungufu wa damu, wengine wakiletwa na degedege usiku wa manane. Utafiti wa taifa wa afya wa mwaka 2004/05 ulikuta kwamba katika kila watoto 1,000 wanaozaliwa hai Tanzania, 112 walikuwa hawafiki miaka mitano. Ule wa 2022 ukakuta 43. Kwa hilo namshukuru Mungu.

Lakini waambie waitazame vizuri hiyo 43. Kati yao, 24 ni vichanga ambao hata mwezi hawakumaliza, na mwaka 2004/05 vichanga hao walikuwa 32. Kwa watoto wakubwa tumepiga hatua ndefu, kwa vichanga tumesogea kidogo. Njiti, mtoto aliyezaliwa kabla ya wakati, wa kilo moja na nusu anamhitaji muuguzi anayejua kumlisha kwa mrija bila kumpalia, anayeona midomo inabadilika rangi kabla mashine haijalia, anayejua kumfunga kifuani kwa mama ngozi kwa ngozi na kumtuliza mama anayeogopa kumvunja. Utafiti uliofanywa katika hospitali za nchi tano, Muhimbili ikiwemo, ulitoa matokeo yake mwaka 2021: njiti waliowekwa kifuani mapema baada ya kuzaliwa, bila kusubiriwa kwanza wapate nafuu, vifo vyao vilipungua kwa robo hivi. Kazi hiyo yote iko mikononi mwa muuguzi na mama.

Halafu wale waliokuwa wanakufa sasa wanakua, na maradhi yao wanakua nayo. Chukua sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Zamani wengi walizikwa kabla hawajapimwa. Leo mtoto anapewa penisilini ya kumkinga na maambukizi kila siku mpaka afike miaka mitano, anaanzishiwa haidroksiyurea, dawa ya kupunguza makali ya ugonjwa, anakwenda shule. Nani anamfundisha mama yake? Daktari ana foleni mlangoni. Muuguzi ndiye anayemlaza mtoto chali, anauchukua mkono wa mama na kuuweka chini ya mbavu za kushoto: "Hapa, mama. Bonyeza taratibu. Ukisikia bandama imeshuka kuliko leo na mtoto amepauka, usingoje kukuche." Bandama ikivimba ghafla hukusanya damu ndani yake, na saa chache tu ndizo zinazoamua. Mama aliyefundishwa anakuwa tayari yuko njiani.

Na anayemleta mtoto naye amebadilika. Zamani alikuja mama, na bibi nyuma yake. Siku hizi mama yuko kazini, mtoto analetwa na dada wa kazi ambaye hajui homa ilianza lini, au na baba peke yake anayeona haya kuuliza, au na mama kijana aliyekwisha kusoma kwenye simu na kuupa ugonjwa jina. Wote wapokee. Huwa naumia nikisikia dada wa kazi anafokewa, "Mama yake yuko wapi?" Jioni ni huyo dada atakayepima dawa kwenye bomba la sindano. Mfundishe yeye, mwambie akurudishie ulichomweleza, kisha umpigie mama simu.

Kuna jambo litakalokukera, nakuambia mapema. Hospitali nyingi huwazungusha wauguzi: umeiva wodi ya vichanga, mwezi ujao umepelekwa upasuaji wa watu wazima. Ni hasara kubwa. Mkono unaojua kupata mshipa wa kichanga hautokani na semina ya siku mbili. Na dozi zetu zote zinakwenda kwa uzito: nukta ikihama, mtoto kapata dawa mara kumi. Ndiyo maana nataka uisome fani hii rasmi, uwe na cheti, siku wakitaka kukuhamisha uwe na pa kusimamia.

Kwa hiyo jibu langu ni nenda. Ila kabla ya kujaza fomu, muombe matroni akupangie zamu za usiku wodi ya vichanga, uone kama moyo unakubali. Kuhusu ada, usikope kwa watu wa mtaani. Nitumie picha ya ile barua ya chuo, niisome na baba yako, tuone tunaanzia wapi.

Mama yako