Noah Inayowaka Ikipenda

SWALI: Ndugu mtaalamu, hapa Chumbageni, Tanga, tuna Toyota Noah ya mwaka 2003 ambayo ndiyo gari letu la familia. Tangu masika yaanze, kuna asubuhi tunapozungusha ufunguo linatoa mlio mmoja tu wa "tik" na taa za dashibodi zinafifia, kisha baadaye linawaka kana kwamba halikuwa na tatizo. Tukiwa njiani kwenda Pangani, redio nayo hujizima na kujiwasha. Fundi amekwisha kubadilisha betri, na sasa anashauri tununue alteneta, mashine inayochaji betri. Je, tumkubalie?

JIBU: Msimkubalie bado. Alteneta ikiharibika, betri huisha na kubaki imeisha mpaka ichajiwe, ilhali gari lenu hugoma kisha likawaka lenyewe. Hiyo ni dalili ya muunganisho unaoshika na kuachia, na kwa kuwa stata (mota inayoiwasha injini), dashibodi na redio vinasumbuka pamoja, ni busara kuanza pale ambapo umeme wa vyote hupita, yaani kwenye teminali za betri, vile vibano vya nyaya vinavyoshika vichwa vyake. Nashuku kwamba betri mpya ilifungwa kwa teminali zile zile za zamani. Tena betri za Kijapani huja na vichwa vyembamba au vinene, na teminali ya kichwa kinene ikivalishwa kwenye chembamba haibani sawasawa hata boliti ikikazwa hadi mwisho.

Chumvi ya hewa ya pwani na unyevu wa masika huongeza kutu, na waya wa shaba huweza kugeuka kijani ndani ya ganda lake bila mtu kuona. Stata huvuta ampea 100 na zaidi, kwa hiyo ukinzani mdogo wa omu 0.01 unatosha kupoteza volti nzima, lakini balbu itawaka vizuri kupitia waya huo huo. Ndiyo maana sipendi kupima waya kwa kutumia balbu.

Chukueni mita ya volti asubuhi ile ile gari linapogoma, si jioni mkiwa gereji wakati gari ni zima. Ncha moja iguse kichwa cha betri chenyewe, nyingine iguse teminali iliyokibana, na mwenzako azungushe ufunguo. Ikizidi volti 0.2, hapo ndipo penye kasoro. Kisha pimeni vivyo hivyo kutoka kichwa cha hasi hadi kwenye bodi na kwenye chuma cha injini, ili kukagua nyaya za ethi, zile zinazounganisha hasi ya betri na bodi na injini. Mkipata palipo na hitilafu, fungueni hasi kwanza, sugueni kwa msasa mpaka chuma king'ae, kazeni, halafu ndipo mpake grisi.

Alteneta nayo ipimwe kwenye betri, injini ikiunguruma na taa kubwa zikiwaka: volti 13.8 hadi 14.5 ni nzima. Ikiwa chini ya 13, angalieni mkanda, halafu kaboni (brashi za ndani ya alteneta) na regileta (kidhibiti cha volti), ambavyo mara nyingi hubadilishwa bila kununua alteneta nzima.

Ikiwa teminali na ethi ni safi na mlio wa "tik" unaendelea, lakini safari hii taa zikibaki kali, fundi afungue stata akague vipande vya shaba ndani ya solenoidi yake, yaani swichi inayoipelekea stata umeme. Katika Toyota za umri huo vipande hivyo huliwa upande mmoja, na huweza kubadilishwa peke yake.