Sabuni hukichelewesha kiputo, haikiharakishi

Wapo wanaodhani kuwa kiputo cha hewa hupanda haraka zaidi katika maji ya sabuni, kwa kuwa sabuni huteleza. La, ndugu, utelezi wa sabuni haukipandishi kiputo haraka zaidi. Katika maji safi kabisa, uso wa kiputo huteleza pamoja na maji yanayopita ubavuni mwake. Lakini molekuli za sabuni zikishaushika uso huo, mkondo huzisukuma hadi chini ya kiputo zikarundikana huko, mvutano wa uso (nguvu inayoukaza uso wa maji kama ngozi) ukawa mdogo chini kuliko juu, na tofauti hiyo ikauvuta uso kurudi juu hata ukakaza, na kiputo kikapanda polepole kana kwamba ni kitufe kigumu. Hesabu za wanasayansi Hadamard na Rybczynski za mwaka 1911 zinaonesha kuwa kiputo kidogo mno chenye uso huru hupanda kwa kasi mara 1.5 ya kile kilichokaza. Nasomesha fizikia skuli hapa Unguja, na ukijaribu kwa gilasi na mrija usishangae usipoona tofauti, kwani maji ya bomba au kisima aghlabu huwa tayari na uchafu unaofanya kazi hiyohiyo. Viputo vikubwa vya sentimita kadhaa, kama vya wazamiaji, haviathiriki sana.