Mwanangu, rufaa ya masikio wamefunga kwa sababu wamenipa

Mwanangu,

Voisi yako nimeisikiza mara mbili, umekasirika kweli, eti "baba si ulisema una rufaa, mbona wameandika imefungwa na wewe umenyamaza tu?" Ile barua uliipiga picha hapo mezani ukasoma ukurasa wa kwanza, wa pili hukufunua.

Iliyofungwa ni ya masikio. Si unajua, tangu zile jenereta za jeshini kichwa kinalia kama redio isiyoshika stesheni, usiku ndo balaa. Ofisi ya maveterani ya Marekani, ile inayolipa fidia kwa askari walioumia jeshini, walinikatalia wakisema haikutokana na jeshi, nikakata rufaa 2017. Sasa faili likiwa bado kwa foleni, ofisi ikageuza uamuzi, wamekubali ni ya jeshini na wakatoa asilimia 10 ya ulemavu, ndiyo wanayopimia malipo, na kwa masikio kulia hiyo ndo mwisho, hata yalie yote mawili ni 10 hiyo hiyo. Jaji ataamua nini tena? Ni kama umemshtaki mtu kwa chifu juu ya mbuzi wako, halafu mbuzi arudi mwenyewe kabla ya baraza.

Ila kuna mtego hapo, tarehe ya kuanza kulipwa. Niliomba 2016, wao wanahesabu kuanzia 2018, na hiyo miezi yote katikati ni pesa. Rufaa ya zamani haibebi hiyo, tangu korti iamue kesi ya veterani Grantham 1997, ukishakubaliwa, ubishi wa tarehe au asilimia ni jambo jipya unalianzisha upya, na una mwaka 1 toka siku ya barua. Fomu nimeshajaza, iko kwa bahasha juu ya friji.

Rufaa ya pili, ya mgongo, hiyo hawajafunga. Wenyewe walishaukubali kitambo, tulikuwa tunagombania asilimia. Juzi daktari aliniinamisha, akaweka kile kirula chake cha kupima nyuzi hapa kiunoni, sikufika hata nyuzi 30, wakapandisha kutoka asilimia 20 hadi 40. Ungedhani imeisha, lakini juu ya 40 bado kuna ngazi, na korti ya maveterani ilisema tangu 1993 kwamba anayelilia asilimia anahesabiwa anataka ya juu kabisa, mpaka aseme mwenyewe imetosha. Loya akaniuliza kama imetosha. Nikamwambia viatu nafungwa na mama yako.

Na hiyo picha usitume kwa grupu ya familia tafadhali, shangazi zako wakisikia tu nimekubaliwa harambee inaanza kesho.

Baba