Nimefeli Step 1, nianze upya vitabu vyote?

SWALI: Dokta shikamoo. Mimi ni daktari hapa Tanga mjini, naishi Makorora. Mwaka huu nilifanya USMLE Step 1, ule mtihani wa leseni ya Marekani, matokeo yametoka nimefeli. Nilipiga msuli kweli, video nilimaliza zote, madesa nimejaza madaftari, nikitoka zamu ya usiku nakaa mezani mpaka adhuhuri. Mama anasema niachane nao si kazi ninayo tayari, lakini mimi bado nautaka. Nataka nilipie tena haraka kabla sijasahau. Nianze upya vitabu vyote au nifanyeje?
Daktari, Makorora

JIBU: Marahaba mdogo wangu, na pole sana. Mama anaumia kukuona unaumia ndo maana anasema uache, usimnunie. Ila kama bado unautaka basi tuongee.

Kwanza usilipie sasa hivi. Step 1 unaruhusiwa mara 4 tu maisha yako yote, zamani zilikuwa 6 wakapunguza 2021, na ndani ya miezi 12 hazizidi 3. Alafu uliyofeli inabaki kwenye rekodi, ukija kuomba nafasi ya kusomea ubingwa kule wataiona. Kufeli mara moja kunaelezeka, mara ya pili inakuwa kazi ngumu sana, kwahiyo hiyo haraka itoe kichwani.

Pili fungua ile ripoti yako, najua hutaki hata kuiona. Aliyefeli anaonyeshwa alianguka umbali gani kutoka mstari wa kupasi, na kwenye kila eneo kama yuko chini, sawa au juu ya wale waliopasi kwa shida. Kama ulikosa kidogo unahitaji maswali na kuziba mapengo basi. Kama uko mbali, hasa patholojia (magonjwa yanavyouharibu mwili) na fisiolojia (mwili unavyofanya kazi) ambazo zimebeba sehemu kubwa ya mtihani, hapo ndo urudi kwenye msingi wa hayo masomo. Vitabu vyote upya hapana.

Sasa nimesoma barua yako natafuta neno maswali, silioni. Video, madesa, madaftari, na hapo ndo naona shida ilipo. Ule mtihani ni maswali mpaka 280 kwa siku moja ya saa 8, mengi yake ni mgonjwa na maelezo marefu na una kama dakika moja na nusu kwa kila moja. Video ukiangalia unaelewa, unafurahi, unajiona umejua, kumbe hakuna aliyekuuliza kitu. Kila siku fanya seti ya maswali 40 kwa saa moja, masomo yachanganyike, usisimamishe saa, alafu kupitia majibu kuchukue muda mrefu kuliko kufanya. Daftari liwe moja tu la makosa, na usinakili jibu sahihi, andika kwanini ulichagua lile baya: sikujua, nilisoma haraka, au nilibaki na mawili nikabahatisha. Baada ya muda utaona ni kosa lile lile linakurudia.

Na kuna hili linaloangusha madaktari wetu wazuri kabisa. Mgonjwa wa mtihani ule ni wa Marekani. Kwetu mzee akionekana ana saratani wanaitwa watoto pembeni kwanza, mkubwa wao anasema dokta baba usimwambie, na mara nyingi tunamsikiliza maana ndo adabu tuliyolelewa nayo. Kule ukijibu hivyo umekosa. Unamuuliza mtoto kwanini hataki baba ajue, unamuuliza mzee mwenyewe anataka kujua kiasi gani, na kama ana akili timamu yeye ndo anaambiwa na yeye ndo anaamua, ndugu hawapewi kitu bila ruhusa yake. Maswali ya mawasiliano na maadili ni kama asilimia 6 mpaka 9, takwimu za afya 4 mpaka 6, na watu wanayaruka eti ni madogo wakati ndo yanayomtoa mtu chini ya mstari! Magonjwa nayo hivyo hivyo. Homa kwetu unawaza malaria, wao wakikwambia mtu katoka kwenye vumbi la Arizona anakohoa waza Coccidioides, fangasi wa mapafu, kaumwa na kupe Connecticut waza Lyme, ugonjwa wa bakteria unaoletwa na kupe, kaingia pango la popo karibu na mto Mississippi waza Histoplasma, nayo ni fangasi wa mapafu. Hata kipimo cha sukari ya damu, yao ni mg/dL, gawa kwa 18 upate yetu ya mmol/L, 180 yao ni 10. Zizoee mpaka usizifikirie.

Ukitoka zamu ya usiku lala. Kusoma na usingizi ni kupoteza muda, bora saa mbili za kichwa kilichopumzika, na siku ya ofu uende maktaba ya mkoa asubuhi kabla joto halijapanda.

Kulipia ni pale mitihani ya majaribio ya NBME, bodi ya Marekani inayotunga maswali ya ule mtihani, ile ya maswali 200, itakapokupa asilimia 70 mara mbili mfululizo. Mstari wa kupasi pale ni 62 lakini usikubali kukaa karibu nao, siku yenyewe ina presha yake. Na mama mwambie hayo hayo, kwamba hulipii mpaka ufike hapo, naamini atapumua.

SWALI: Shikamoo dokta, mume wangu kafeli mtihani wa leseni, anajifungia chumbani, hali vizuri, haongei. Nimsaidieje?
Mama wawili, Pangani

JIBU: Marahaba dada. Usimuulize kila siku kama kasoma. Mpe saa zake za kusoma watoto wakiwa kwako, na jioni mtoke wote mtembee kidogo. Lakini kama hali hii imefika wiki mbili, hali chakula, halali usiku, au ameanza kusema bora nisingekuwepo, usisubiri mtihani wowote, mpeleke hospitali, na akisema hayo ya mwisho mpeleke siku hiyo hiyo na usimwache peke yake. Madaktari ni wagumu sana kukubali kuwa wagonjwa, kwahiyo nenda nae wewe mwenyewe.