Krismasi ya nyumbani haipikwi na wapishi wa kukodi

Tangu niweke picha za Krismasi yetu ya Marangu, kwetu Uchaggani kwenye miteremko ya Kilimanjaro, dada mmoja msomaji ameniandikia akiuliza tuliwezaje kulisha ukoo mzima bila kukodi wapishi. Desemba ijayo zamu ya kupokea watu ni yake. Nilimjibu kwa kifupi, lakini jambo lenyewe ni refu.

Utotoni kwetu sikukuu ilianza mapema, mama alipofunika ndizi za mbege, pombe yetu ya ndizi, ziive. Zikiiva anazichemsha, anaziacha zichachuke, kisha unafuata uji wa kimea cha ulezi na ule uchungu wa magome ya mti wa msesewe. Watoto tulipeta ulezi. Mkesha wa sikukuu tulikaa jikoni tukimenya mshare, ndizi za kupika, za machalari, yaani ndizi zinazopikwa na nyama, mpaka vidole vikawa vyeusi kwa utomvu, nje baba na wenzake wakichinja mbuzi na kukinga damu ya kisusio, ile supu yetu ya damu. Nguo mpya nilipata, soda pia nilikunywa. Lakini ninachokikumbuka mpaka leo ni ule utomvu, na mama akisema machalari zimeiva kwa sababu mimi nilimenya vizuri.

Mama alipofariki tulitawanyika. Desemba zikapita nyumba imefungwa, migomba ikazidiwa na majani. Ndugu mmoja akasema mbele za watu, tena msibani, kwamba kihamba, shamba la nyumbani, cha mama yetu kimebaki cha popo. Neno lile linaniuma hata sasa. Mwaka jana tuliwasha moto jikoni mle mle, naye alikuja, akala, akaongezewa.

Sasa nisikilize, dada. Mpe kila mtu kazi. Kaka zangu walishika mbuzi. Wifi yangu wa Tanga alipika pilau, nayo iliisha kabla ya ndizi. Mtoto wa dada, mzaliwa wa Dar, alikabidhiwa kumenya mshare akalalamika nusu saa, halafu tukashindwa kumtoa jikoni. Mpishi wa kukodi atakuletea chakula kizuri, lakini huyo mtoto angebaki sebuleni na simu yake, na akikua hatakuwa na sababu ya kupanda kuja Marangu.

Michango kusanya kufikia Oktoba, kabla ada za Januari hazijaanza kuwakosesha watu usingizi. Asiye na fedha alete kuni, alete maziwa, alete mikono. Usikubali mmoja alipe kila kitu, hata akisisitiza, maana mwenye kulipa peke yake ndiye huanza kuamuru.

Ugomvi umalizwe kabla ya chungu kuinjikwa. Kaka zangu wawili walikuwa hawasalimiani kwa ajili ya mpaka wa shamba. Baba mdogo aliwaita tarehe 23 jioni, akakata jani la isale, mmea wetu wa mipaka na wa kuombea msamaha, pale pale mpakani, mkubwa akampelekea mdogo. Mchagga akiletewa isale hawezi kugeuza uso. Walirudi pamoja, na kesho yake ndio walioshirikiana kuchuna mbuzi. Wazee wetu walituachia njia ya kusameheana isiyohitaji hotuba, sisi tunakwenda kuanikana kwenye kundi la WhatsApp! Tuache. Watoto wanatutazama.

Na wazee wasiwekwe pembeni kama wageni. Nyama igawanywe na anayejua kila kiungo ni cha nani, hata kama mkono wake unatetemeka na watu wana njaa. Kaa karibu naye, umuulize, umfundishe na mtoto mmoja.

Jambo la mwisho ni mbuzi. Desemba bei inapanda na wazuri wameshachukuliwa. Nunua mdogo katikati ya mwaka, mwachie jirani amlishe majani ya migomba, mkubaliane kabisa sehemu yake ya nyama. Wa kwetu wa mwaka huu tumeshampata, yuko kwa jirani wa chini ya mfereji.