Barua za Wasomaji: Mbona Springsteen wa 1973 Simwelewi?

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Tukuyu. Marehemu baba alikuwa dereva wa semi, Dar mpaka Tunduma, na garini hakukosa kaseti ya Bruce Springsteen, mwanamuziki wa roki wa Marekani, ile Born in the U.S.A. ya 1984. Nyimbo zile nilizijua kabla sijajua Kiingereza. Juzi nimeipata albamu yake ya kwanza, Greetings from Asbury Park, N.J., nikaisikiliza mara mbili huku nasahihisha madaftari. Springsteen wa baba sikumwona. Ngoma hazina kishindo, maneno yanamwagika kama mahindi ya gunia lililotoboka. Kasoro ni yangu au ni ya albamu? Halafu, kaseti ya baba ninayo bado, ila naogopa kuicheza.

JIBU: Marahaba mwanangu, na pole kwa kuondokewa na baba.

Nilikuwa na kibanda cha kurekodi kaseti Mwanjelwa. Mwaka 1987 mfanyakazi mmoja wa reli ya TAZARA aliniletea albamu hiyohiyo nimtolee nakala. Wimbo wa kwanza, Blinded by the Light, haukufika nusu nikazima deki. Nilidhani mkanda unakimbia. Nikasafisha hedi, kile kichwa cha deki kinachosoma mkanda, kwa pamba na spiriti, nikaweka kaseti ya Mbaraka Mwinshehe kupima mwendo. Mbaraka akaimba vilevile ninavyomjua. Nikairudisha ile ya mteja, nayo mbio zilezile. Deki ilikuwa nzima. Mwenye haraka alikuwa kijana anayeimba.

Albamu ilitoka Januari 1973, akiwa na miaka 23. Amesema mwenyewe kwamba alikuwa akitunga na kamusi ya vina mkononi. Wewe ni mwalimu, hapo utanielewa. Shairi letu lina kina cha kati na kina cha mwisho, na mshairi anajua pa kupumua. Huyu anatupa vina vinne, vitano, ndani ya mstari mmoja, na neno jingine limeitwa na kina tu, si na maana. Kwa hiyo siku ya kwanza usiifukuze maana. Sikiliza vina vinavyogongana, kama unavyomsikiliza mghani kabla hujajua anamlenga nani.

Kuhusu ngoma, ulikuwa unamsubiri mtu ambaye hajafika. Kishindo cha kaseti ya baba ni cha Max Weinberg, aliyejiunga na bendi mwaka 1974. Hapa anapiga Vini Lopez, na si kila wimbo una ngoma. John Hammond wa kampuni ya rekodi ya Columbia, ndiye aliyemsajili pia Bob Dylan, alimsikia Springsteen na gita peke yake akapenda abaki hivyo. Springsteen alitaka bendi yake. Albamu imebeba matakwa ya wote wawili, na mshono unaonekana. Mary Queen of Arkansas, wa gita bila bendi, unanichosha mpaka leo, ukiuruka sitakulaumu.

Lakini kuna jambo moja linalonifanya niipende albamu hii kwa moyo wote. Kazi ilipopelekwa kwa Clive Davis, mkuu wa Columbia, alisema haina wimbo wa kupigwa redioni. Kijana akaenda akatunga mbili: Blinded by the Light na Spirit in the Night. Ndizo zilizoingiza saksafoni ya Clarence Clemons. Weka kaseti ya baba, Bobby Jean, pale mwishoni saksafoni inapobaki inalia: ni pumzi ya mtu huyohuyo. Basi Springsteen wa baba yumo humu, mwanangu, ila amekaa kwenye nyimbo mbili.

Anza na wimbo wa tisa, wa mwisho, It's Hard to Be a Saint in the City. Huo ndio aliomwimbia Hammond ofisini Mei 1972, ana gita tu, hajulikani na mtu. Ukitoka hapo nenda Spirit in the Night, usiku, na spika za masikioni. Na madaftari yaweke kando. Muziki wa 1984 unakufuata hata ukiwa jikoni; huu wa 1973 unataka ukae nao.

Sasa kaseti. Tukuyu kuna mvua na unyevu, na mkanda uliokaa miaka hugandana. Usiutie kwenye deki moja kwa moja. Chomeka kalamu ya Bic kwenye tundu, uzungushe taratibu mpaka mwisho, kisha uurudishe. Ukihisi unanata, acha hapohapo, usilazimishe. Ukizunguka vizuri, safisha hedi kwanza, halafu tafuta mtu mwenye deki nzima akuhamishie kwenye simu siku hiyohiyo, mchezo mmoja tu. Na karatasi ya ndani usiitupe, hasa kama baba aliandika kitu kwa mkono wake.